Kutoa mabamba ya mpini wa kisu: maji moto, friza, patasi, grainda au asetoni?

Jumamosi moja, kabla hata ya chai ya saa nne, niliwekewa visu viwili mezani hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Cha kwanza kililetwa na kijana wa bucha karibu na soko la Burma. Kisu cha springi ya lori, makali inchi 9, mpini wa mbao uliopigwa ribiti 3 za alumini na kugandishwa kwa gundi. Mbao zilikuwa zimeanza kuachana na chuma, damu na mafuta vikaingia kwenye ufa, kisu kikawa kinanuka hata kikisuguliwa kwa sabuni ya unga.

"Fundi, huo mpini tupa tu," akaniambia. "Ila makali yangu usiyaguse. Kisu hiki hakina ndugu."

Cha pili kilikuja kimefungwa kwenye leso. Kilikuwa cha marehemu babake mama mmoja wa makamo: kisu kifupi, mpini wa pembe ya ng'ombe, pini 2 za shaba ya njano zilizosawazishwa hadi huoni kichwa. Kutu ilikuwa imefura chini ya pembe na kuanza kusukuma bamba moja nje.

"Chuma ukikisafisha sawa, usipoweza pia sawa," akasema. "Lakini hiyo pembe ndiyo mkono wa baba. Nirudishie ile ile, fundi."

Kwa jina ni kazi moja, kubandua mabamba ya mpini. Ukizitazama hizi mbili, hakuna hatua hata moja zinazofanana. Kwa hiyo mtu akiniuliza njia gani ni bora, mimi humuuliza kwanza yuko tayari kupoteza nini: mabamba, muda, au makali. Akishajibu, njia karibu inajichagua yenyewe.

Ndani ya mpini kuna nini

Kisu cha namna hii kina msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoendelea kutoka kwenye bapa hadi mwisho wa mpini. Huku na huku pamebanwa mabamba mawili ya mbao, pembe, mfupa au plastiki ngumu. Ribiti hupita katikati ya vyote vitatu, na gundi hukaa kati ya bamba na msuka. Gundi huziba maji yasipenye na kuzuia bamba lisicheze. Ribiti huzuia bamba lisiteleze na, ikiwa na kichwa, huzuia lisinyanyuke. Ukianza kupambana na gundi huku vichwa vya ribiti bado vimekaa, ribiti haitasogea na gundi haitasogea; kitakachosogea ni mbao, nayo itapasuka.

Kwa hiyo ribiti kwanza, kwa kila njia nitakayoitaja hapa. Ila zitambue kabla ya kuwasha drili, maana si zote ni sawa.

Visu vingi vya jua kali, vya Kamukunji au Gikomba, vina ribiti ya kupigwa: kipande cha alumini, shaba au hata msumari uliokatwa, kikapondwa kwa nyundo pande zote mbili hadi kikatanuka kichwa. Visu vya kiwandani mara nyingi vina ribiti ya vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake na kubana. Kuna wanaotumia boliti zenye nyuzi, kisha wakasaga vichwa vikawa sawa na mbao. Ukiona mfereji mdogo wa bisibisi umebaki, una bahati, jaribu kufungua kabla ya kutoboa. Halafu kuna pini nyoofu isiyo na kichwa kabisa, kama ya kisu cha yule mama. Hiyo imeshikwa na gundi peke yake.

Ribiti yenye kichwa dawa yake ni drili. Piga senta panchi, ile ya ncha kali ya kuweka alama, katikati kabisa, tena pima mara mbili, kwa sababu biti ikianza kando itateremka kwenye mbao na kufanya tundu la yai. Chagua biti nene kidogo kuliko mwili wa ribiti lakini nyembamba kuliko kichwa, na uzungushe polepole. Alumini hutoka kama nyuzi za fedha, zinajikunja, zinaanguka. Halafu ghafla kichwa kinakatika na kubaki kimevaa biti kama pete. Simama hapo hapo. Huna haja ya kutoboa ribiti yote, na ukiendelea utagonga msuka, ambao ukiwa umetiwa matiko, yaani umefanywa mgumu kwa moto, utakumalizia biti kwa sekunde chache. Geuza kisu, kiweke juu ya kipande cha mbao chenye tundu, chukua panchi nyembamba kuliko ribiti, gonga. Inatoka.

Ribiti ikianza kuzunguka pamoja na biti, shika kichwa cha upande wa pili kwa koleo. Kikikataa kushikika, acha drili, chukua tupa na ukisage kichwa taratibu. Na kabla ya yote haya, funga makali kwa kadibodi na tepu. Nimeona mikono mingi ikishonwa kwa sababu ya kisu ambacho mwenyewe alidhani ni butu.

Chuma kinakumbuka joto

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndipo visu vingi vinapofia.

Fundi akitia chuma matiko, hukipasha hadi kiwe chekundu, akakichovya kwenye mafuta, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama glasi. Kisha hukipasha tena kwa joto dogo ili kipunguze ukorofi. Kwa visu vingi vya chuma cha kawaida, upashaji huo wa pili huwa kati ya nyuzi 180 na 220 hivi za Selsiasi. Ukija baadaye ukakipasha kupita hapo, unakirudisha kwenye ulaini. Hakitapinda siku hiyo, wala hutaona tofauti kwa macho kama umeking'arisha upya. Utaijua wiki ya pili, unaponoa asubuhi na kufika saa tano makali yameshalala.

Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hukuonyesha rangi kinapopata joto: rangi ya nyasi kavu kwenye nyuzi 200 na kitu, kisha kahawia, zambarau, na bluu ikikaribia 300. Ukiona bluu kwenye makali, usijidanganye kwamba ni uchafu.

Makali pia ni membamba kuliko mgongo. Moto unaochukua dakika kuupasha mgongo unayapasha makali kwa sekunde. Ndiyo maana sikubali mpini kuwekwa juu ya jiko la gesi eti gundi iyeyuke. Wanaofanya hivyo hufanikiwa kutoa mpini. Ninaoletewa baadaye ni wateja wao.

Msuka wenyewe ukilegea si neno. Msuka laini kidogo hata ni mzuri, hauvunjiki. Hatari ni joto kusafiri kutoka msukani kwenda kwenye bapa. Kitambaa chenye maji kikizungushwa shingoni mwa kisu hukizuia, mradi ukiloweshe tena kabla hakijakauka.

Maji ya kuchemka

Kwa epoksi, ile gundi ya tubu mbili unayochanganya, hii ndiyo njia ninayoanza nayo ikiwa mabamba ni ya mbao au plastiki ngumu. Epoksi nyingi za dukani zinazokauka zenyewe bila tanuri huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 80. Haziyeyuki, zinakuwa kama jibini gumu, na hapo kabari inapita.

Na sisi wa Nairobi tuna kipimo cha bure. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ni sababu ile ile maharagwe yetu hukawia kuiva kuliko ya Mombasa. Hata ukisahau sufuria ukaenda kupokea simu, mradi maji hayajakauka joto halitapita hapo, na matiko yatakuwa salama kabisa. Hakuna bunduki ya hewa moto inayoweza kukuahidi hivyo.

Tumbukiza mpini tu, makali yabaki nje yakitazama juu, dakika 15 hadi 20 ikiwa mbao ni nene. Mbao haipitishi joto haraka, kwa hiyo usiwe na pupa. Toa, funga kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, ukilinda bapa kwa vipande viwili vya mbao, ingiza kisu chembamba cha kupakia rangi kwenye ufa, gonga kidogo kwa nyundo ya mpira. Una kama dakika moja kabla ya gundi kurudi ugumu. Ikikataa, rudisha kwenye sufuria. Kulazimisha hakusaidii.

Kasoro zake ziko mbili. Kwanza, mbao iliyochemshwa huvimba na ikikauka inaweza kupinda, kwa hiyo ukitaka kuirudisha ifunge kati ya vibao viwili bapa na uiache siku kadhaa kivulini. Mpingo huvumilia, mbao nyepesi hazivumilii. Pili, chuma cha springi kikitoka kwenye maji moto hushika kutu unapokitazama. Kikaushe papo hapo, paka mafuta, hata ya kupikia.

Ila pembe usichemshe. Mafundi wa pembe huichemsha makusudi ili ilainike waikunjue. Wewe utaikunjua bila kukusudia. Miaka ya nyuma nilichemsha mpini wa pembe nikijiona mjanja. Gundi ilitoka vizuri sana. Mabamba yakatoka yamejikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, na ilinichukua vaisi, maji moto mengine na siku tatu kuyanyoosha nusu nusu. Mfupa nao haulainiki, lakini ukiloweshwa kwa moto kisha ukakauka haraka hupasuka nyufa ndogo ndogo.

Hewa moto, pasi na vya aina hiyo

Bunduki ya hewa moto inafanya kazi haraka na bila kulowesha, lakini nyingi hutoa hewa ya nyuzi mia kadhaa, na ukisimama sehemu moja mbao inaungua kabla gundi haijapata habari. Draya ya nywele ni pole zaidi, na kwa gundi ya patia, ile ya mafundi wa viatu, inatosha. Oveni ya nyumbani ingekuwa nzuri kama kipimo chake cha joto kingesema ukweli. Chochote utakachotumia, kaa penye hewa, kwa sababu epoksi ikianza kuungua hutoa moshi usiofaa kuvutwa.

Kuna kifaa kimoja cha joto ambacho watu hawakifikirii: kile chuma cha kuchomea waya cha mafundi wa redio, utakikuta kila hatua kumi ukipita Luthuli Avenue. Hiki ni cha pini nyoofu. Unagusisha ncha yake kwenye mwisho wa pini ya shaba, shaba inabeba joto hadi ndani, gundi inayoizunguka inalegea, lakini bamba lenyewe halipati joto kubwa. Kisha unasukuma pini kwa panchi.

Friza

Ukisikia mara ya kwanza inafanana na uganga. Maelezo yake ni ya kawaida: gundi ya epoksi husinyaa na kutanuka mara 4 au 5 kuliko chuma kwa badiliko lile lile la joto. Ukikitoa kisu kwenye nyuzi 20 na kukilaza usiku kucha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, gundi inataka kujikunyata, chuma kinakataa, na gundi yenyewe imeshakuwa kavu kama kigae. Ukigonga pembeni kwa nyundo ndogo ya mbao, wakati mwingine inaachia yote kwa sauti moja.

Wakati mwingine haiachii kabisa. Kwa supa gluu inafanya kazi vizuri kuliko epoksi, kwa sababu supa gluu ni kavu na haipendi kugongwa. Kwa epoksi bora iliyopakwa kwenye chuma kilichokwaruzwa vizuri, utatoa kisu kwenye friza mara tano na mke wako atakuuliza unafanya nini. Faida yake ni kwamba hakiharibu kitu: matiko, pembe, mbao, vyote vinabaki kama vilivyokuwa. Ifunge kwenye karatasi ya plastiki isipate unyevu, ijaribu, na ikishindwa hujapoteza ila usiku mmoja.

Asetoni na wenzake

Hapa watu hudanganyana sana. Asetoni, ile inayonuka kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, huyeyusha supa gluu. Ukijua ni supa gluu, loweka mpini kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko, subiri usiku, kazi kwisha. Patia pia hulegea kwa thina. Lakini epoksi iliyokauka asetoni haiiyeyushi. Inaifura na kuilegeza kidogo kidogo kwa siku nyingi, huku ikinyonya mafuta ya mbao na kula baadhi ya plastiki.

Utajuaje ni gundi gani? Kwangua iliyochungulia kwenye mshono. Epoksi ni ngumu, inang'aa, mara nyingi ina rangi ya asali. Supa gluu hupasuka chenga nyeupe na mara nyingi huacha ukungu mweupe pembeni. Patia inavutika kama mpira na ina rangi ya manjano.

Asetoni hushika moto kwa cheche, na mvuke wake hutambaa chini hadi uupate moto uliko. Usiiweke chumba kimoja na jiko. Kuna pia dawa kali za kubandua rangi zenye dikloromethani, nazo kweli hushinda epoksi. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa watu wa kawaida wanaobandua rangi nyumbani mwaka 2019, baada ya watu kufa wakivuta mvuke wake kwenye vyumba vilivyofungwa. Banda langu lina dirisha moja. Sina la kuongeza.

Grainda, au msumeno na patasi

Ikiwa mabamba ni ya kutupwa, swali ni kasi. Grainda inamaliza kwa dakika 5. Niliwahi kuitumia kwenye kisu cha jikoni cha mteja, disk ya msasa, mbao ikatoka moshi tu, nikafurahi. Kisha nikaona ile rangi ya zambarau ikitambaa kutoka shingoni kuingia kwenye bapa, upana wa vidole viwili, wala sikuwa nimegusa makali hata kidogo. Kisu nilikilipa. Tangu siku hiyo grainda kwangu ni ya kukata vyuma vya mageti.

Vumbi lake pia ni habari nyingine. La mpingo huwasha ngozi na pua za watu wengi, na la mabamba ya nyuzi za glasi si la kuvutwa kabisa. Vaa barakoa, lowesha.

Njia ninayoipenda badala yake ni ya kizee. Ribiti zikishatoka, chukua msumeno mdogo ukate bamba kwa kukingama, kila baada ya milimita 5 au 6, ukisimama kabla ya kugusa chuma. Mpini unaonekana kama meno ya mamba. Kisha patasi kali, bapa lake likiwa limelala sambamba na msuka, gonga kila jino. Mbao hupasuka kufuata nyuzi zake, vipande vinaruka kama gamba la samaki. Gundi inabaki kama utando kwenye chuma. Maji moto na kisu cha rangi vinaumaliza, halafu msasa namba 80. Dakika 20 hivi, hakuna joto la kutisha, hakuna umeme, na stima ikipotea huna wasiwasi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kisu cha bucha. Bamba la kwanza lilitoka lote. La pili likagoma sehemu nne, na nilipokwangua nikaona sababu. Aliyekitengeneza alikuwa ametoboa msuka matundu 4 ya ziada, bila ribiti, ili gundi ipite katikati na kuunganisha mabamba mawili kama daraja. Ni ufundi mzuri, nampa heko yake. Lakini kwa anayebandua ni mtego: kabari inapita vizuri, inafika kwenye daraja, na bamba linakatika hapo hapo. Kwa mbao ya kutupwa haikuniuma. Ila niligeuka nikakitazama kile kisu cha pembe kwa jicho lingine.

Ule wa pembe

Njia nyingi nilizozitaja hapa hazifai kwa kisu kama hicho. Maji moto hapana, patasi hapana, grainda hata usiitaje. Asetoni ningeijaribu, lakini kwenye mshono niliona rangi ya asali.

Nilianza na pini, kwa chuma cha kuchomea waya. Nusu dakika kwenye pini ya kwanza, nikinusa. Pembe ikianza kuungua hunuka nywele zilizoungua, na ukisikia hiyo harufu umeshachelewa kidogo. Pini ya kwanza ikasukumika. Ya pili ikataka mara tatu, nikipumzika katikati ipoe. Kisha friza. Asubuhi nilipogonga pembeni, bamba lililokuwa limeinuliwa na kutu likaruka lenyewe, tak, zima kabisa, na gundi yake imebaki kwenye chuma.

Lile la pili liligoma siku tatu. Friza, gonga, acha lirudi kwenye joto la kawaida, friza tena. Siku ya tatu nikaelekeza draya ya nywele kwenye upande wa msuka uliokuwa sasa wazi, ili joto lije kwa njia ya chuma na kufika kwenye gundi kabla ya pembe, nikaingiza wembe mwembamba kutoka nyuma, milimita kwa milimita. Likatoka. Kona moja, kama punje ya mahindi, ilibaki imeng'ang'ania chuma. Ndiyo, kulikuwa na tundu la ziada hapo.

Nikamwita mama aje aone kabla sijairudisha kwa gundi. Akaishika ile punje kidoleni, akaitazama.

"Hapo ndipo baba alikuwa akigongea chupa," akasema. "Pengine ilikuwa imeanza kitambo."

Sijui kama alikuwa ananihurumia.

Kama una kisu chako mkononi

Ukiwa na mbao za kawaida na huzitaki tena, toboa ribiti, tumia msumeno na patasi, usihangaike na kitu kingine. Gikomba imejaa vipande vya mbao ngumu, na hakuna bamba la kawaida linalostahili siku tatu zako. Ukizitaka mbao zirudi, toboa vichwa kwa uangalifu, chemsha, kausha kwenye vibao. Kwa pembe na mfupa, baridi kwanza na joto dogo kupitia chuma, na ukubali kwamba huenda utavunja kona. Supa gluu, asetoni. Patia, draya ya nywele. Kisu chenye makali ya thamani kubwa, usikiache chini ya chombo chochote cha joto ambacho huwezi kukipima, na maji yanayochemka ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote.

Na ukiletewa mpini mweupe wenye mistari myembamba inayokatana kama wavu mwisho wa bamba, badala ya vitone vidogo vya mfupa, rudi nyuma. Hayo yanaweza kuwa meno ya ndovu. Katika nchi iliyochoma meno hayo hadharani, Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mwaka 1989 na tena tani 105 mwaka 2016, mimi kazi hiyo siipokei wala siulizi ilitoka wapi. Namwelekeza mwenyewe kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kisu cha mama nilikirudisha na pini mpya za shaba na gundi kidogo, nikaacha matundu ya ziada tupu. Kijana wa bucha alikuja na wazo lake: mabamba ya plastiki nyeupe, yaliyokatwa kwenye ubao wa kukatia nyama uliozeeka. Nikamwambia epoksi haishiki plastiki hiyo, ni kama kupaka gundi kwenye mshumaa. Tukakubaliana ribiti 3 nene na gasketi nyembamba ya mpira chini ya kila bamba, ipigwe ibane. Kikirudi, nitaanza na drili na kumaliza na drili.